Picha ndogo ya Taj Mahal kwenye bruchi ya bibi: ni ya lini, imechorwa juu ya nini, na uifanye nini

Swali kwa ufupi ili na wengine waelewe: dada mmoja wa Mombasa amerithi kwa marehemu bibi yake bruchi ya fedha, lile pambo la pini la kuvaa kwenye nguo, yenye umbo la yai, urefu wake kama sentimita nne na nusu, na ndani chini ya kioo kuna picha ndogo sana ya Taj Mahal. Bibi alilea watoto wa familia moja ya Kihindi pale mjini, na familia ilipohamia Uingereza mwaka 1968 mama mwenye nyumba akaivua kwenye nguo yake akampa. Sonara mmoja amemwambia hiyo ni ya enzi za Shah Jahan mwenyewe, yule mfalme wa India aliyeijenga Taj, ina karibu miaka mia nne, ni mali ya kununulia nyumba. Mtu mwingine kamwambia ni plastiki tu ya kuuzia watalii. Sasa anataka kujua nani mkweli, aisafishe vipi maana kioo kimeanza kuweka ukungu kwa ndani, na akitaka kuiuza aende wapi.

Dada yangu, kwanza pole kwa kuondokewa na bibi, Mungu amrehemu. Nikujibu moja kwa moja halafu ndio nieleze: ya enzi za Shah Jahan siyo, hilo sina wasiwasi nalo hata kidogo, na plastiki pia kwa jinsi inavyoonekana kwenye picha zako za simu sidhani. Unachokishika mkononi karibu hakika ni kazi ya mafundi wa Delhi au Agra wa karne ya 19, imechorwa juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, na fundi wako alikuwa na mkono mzuri kweli. Nimeshaziona nyingi za aina hii kwenye kazi yangu ya kuhifadhi picha za zamani na nyingi ni za haraka haraka, hii yako siyo ya haraka.

Kwanini nakataa ya sonara. Mumtaz Mahal, mke wa Shah Jahan ambaye Taj ni kaburi lake, alifariki mwaka 1631 kule Burhanpur akijifungua mtoto wa kumi na nne, na mwaka uliofuata 1632 ujenzi ukaanza Agra kando ya mto Yamuna, kazi ikaendelea kama miaka ishirini mpaka bustani na majengo ya pembeni yakakamilika. Mwaka 1658 Shah Jahan alivuliwa ufalme na mwanawe Aurangzeb, akafungiwa kwenye ngome ya Agra, na pale pale akafa mwaka 1666, akazikwa pembeni ya mkewe. Sasa katika miaka hiyo yote wachoraji alikuwa nao tena wa hali ya juu, kina Govardhan, Bichitr, Balchand, Payag, lakini hawa walikuwa wanachora kwenye karatasi, karatasi kadhaa zinagandishwa pamoja mpaka ziwe ngumu halafu zinasuguliwa kwa jiwe laini mpaka zing'ae, na picha zinaingia kwenye vitabu na albamu za mfalme. Na walichokuwa wanachora ni watu. Ukifungua Padshahnama, kile kitabu cha historia ya Shah Jahan ambacho leo kiko Windsor Uingereza, ni baraza la mfalme, harusi za wanawe, vita, uwindaji, ndovu, kila mtu na sura yake na kilemba chake. Jengo limesimama peke yake na mbingu nyuma na bustani mbele, hakuna mtu, yaani mandhari tu ya kuangalia, hiyo haikuwa desturi yao. Hilo peke yake linatosha kukuambia kwamba picha yako ilimngoja mnunuzi wa aina nyingine azaliwe.

Halafu kuna hiyo pembe. Kuchora juu ya kipande cha pembe ya ndovu kwa rangi za maji ni ufundi uliotokea Ulaya mnamo 1700, mtu anayetajwa sana ni mwanamke wa Venice anaitwa Rosalba Carriera, ukapendwa sana Uingereza kwa ajili ya sura za wapenzi na watoto, watu wakavaa shingoni na kifuani. Miaka ya 1780 wachoraji wa Kiingereza wa kazi hiyo wakaanza kuja India kutafuta pesa, John Smart alikaa Madras kuanzia 1785 karibu miaka kumi, Ozias Humphry naye alifika mwaka huo huo wa 1785. Mafundi wa Kihindi walipoiona hawakuhitaji kufundishwa mara mbili, kwa sababu wao brashi nyembamba na subira walishakuwa nazo tangu kwa mababu zao, kilichobadilika ni kile cha kuchorea tu. Kwa hiyo pembe yenye picha kama yako kabla ya mwisho wa karne ya 18 India hakuna, na Shah Jahan alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka mia.

Taj yenyewe ilianza kuwa picha ya kutundika karibu wakati huo huo. Mchoraji wa Kiingereza William Hodges alipita Agra mwaka 1783, akina Daniell mjomba na mpwa wakafika 1789 wakachora toka upande wa bustani na toka upande wa mto, na mwaka 1801 wakachapisha picha zao London. Waingereza wakaichukua Agra mwaka 1803 na baada ya hapo ni msururu, maofisa na wake zao, kila mmoja anataka kurudi kwao na ile kuba nyeupe. Gavana Hastings alipopanda mto mwaka 1814 na 1815 alikuwa na mchoraji wake wa Kibengali, Sita Ram, na huyo alichora Taj kwa rangi za maji laini mpaka leo ukiziona unatamani kukaa kimya. Agra penyewe kulikuwa na fundi Latif, yeye alijikita kwenye zile nakshi za maua ya mawe, alichora makaburi yale mawili ya ndani ua kwa ua. Delhi kulikuwa na ukoo wa Ghulam Ali Khan, na Mazhar Ali Khan ndiye aliyechora picha nyingi za kitabu cha Thomas Metcalfe, ofisa wa Kiingereza pale Delhi, cha mwaka 1844, majengo ya Delhi moja moja. Hao ndio walioweka mfano, namna ya kulikalia jengo, wapi usimame, kivuli kiende upande gani, na mafundi wa maduka wakafuata mfano huo wakiupunguza mpaka uenee kwenye kifungo cha shati.

Na usifikirie ni Taj tu. Zilikuwa zinauzwa kwa seti, bangili nzima unakuta vipande vitano sita kila kimoja na jengo lake, Qutb Minar, Msikiti wa Ijumaa wa Delhi, Ngome Nyekundu, kaburi la Humayun, na katikati pale panapoonekana zaidi ndio Taj. Mwaka 1857 ulipotokea ule uasi dhidi ya Waingereza na mfalme Bahadur Shah Zafar akaondolewa Delhi, wachoraji waliokuwa wanakula kwa mfalme wakabaki hawana bwana, soko likawa ndio bwana wao. Kisha reli ikafika, mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869, wageni wakaongezeka, zikaja zile sherehe kubwa za dola kule Delhi mwaka 1877 na 1903 na 1911, na biashara ya picha za pembe ikanawiri kweli kweli. Hapo ndipo zilipozaliwa pia zile picha mbili mbili za Shah Jahan na Mumtaz, mwanamke ana lulu na ua mkononi, ukikutana nazo ujue ile sura ya Mumtaz ni ya kubuni, malkia alikaa nyuma ya pazia hakukaa mbele ya mchoraji wa dukani, tena wa miaka mia mbili baadaye.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye jinsi ilivyotengenezwa kwa sababu ukishajua hili utaitazama kwa jicho lingine kabisa. Pembe inakatwa kwa msumeno mwembamba iwe jani, nyembamba kiasi kwamba mwanga unapenya. Pembe ina mafuta yake kwa hiyo rangi za maji haziikubali, zinakimbia, hivyo inabidi itolewe mafuta na isuguliwe kwa unga wa lile jiwe jepesi la volkano mpaka iwe na ukavu fulani wa kushika rangi. Rangi zinasagwa, nili, nyekundu inayotokana na zebaki, nyeupe ya risasi, zinachanganywa na maji na gundi ya mgunga. Brashi ni nywele za mkia wa kindi, na ncha yake kwenye kazi ya mwisho ni nywele chache mno. Halafu fundi hapaki, anadona. Nukta, nukta, nukta, moja pembeni ya nyingine, nyepesi sana, kwa sababu ukiweka rangi nyingi maji inayeyusha ile ya chini na kazi yote imekwenda. Ile mbingu yako inayoanza buluu juu inakuja ikififia mpaka waridi karibu na upeo, ukiweka lenzi utaona hakuna mahali ambapo buluu imeisha na waridi kuanza, ni nukta tu zimebadilishana zamu.

Na hapa ndipo penye uzuri wenyewe. Tazama kuba. Tazama ile minara. Fundi hakupaka nyeupe pale, au amepaka kidogo mno kwenye ukingo unaopigwa na jua, sehemu kubwa ya jengo ni pembe yenyewe imeachwa wazi, akaweka kivuli cha kijivu chenye uzambarau kidogo upande mmoja, basi. Yaani marumaru ya Makrana, ambayo sifa yake kubwa ni kwamba inabadilika na mwanga, asubuhi ina waridi, mchana kali, jioni dhahabu, ameitafutia kitu ambacho nacho kinapokea mwanga ndani kikaurudisha. Karatasi haiwezi kufanya hivyo. Turubai haiwezi. Mimi naamini hii ndiyo sababu kubwa Taj ilikubali pembe kuliko majengo mengine yote ya seti, zile ngome za mawe mekundu zikichorwa kwenye pembe zinapendeza lakini ingekuwa karatasi zingependeza vile vile, Taj peke yake ndiyo inayoihitaji.

Kuhusu hiyo pembe kuna jambo linatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Ndovu wa India hawakutosha kwa mahitaji ya huko, na mafundi walizipenda pembe za Afrika Mashariki kwa sababu ni laini kuchonga na weupe wake ni mzuri. Karne ya 19 pembe zilikuwa zinatoka bara, Ujiji, Tabora, huko kwa misafara ya miguu mpaka Bagamoyo, zinavuka Unguja, pale forodha ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji mfanyabiashara wa Kutch, kisha majahazi na baadaye meli zinazipeleka Bombay. Nyingine zilibaki India kwa bangili za maharusi na kazi za kuchonga, nyingine zikaendelea London. Pembe zile zilibebwa mabegani na watu, wapo waliolipwa na wapo waliokuwa watumwa, na nyuma yake kila pembe ilikuwa ndovu aliyeuawa. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kipande chako kilitoka huku kwetu, kikaenda Delhi kikapakwa rangi, kikarudi Mombasa kifuani mwa mama wa Kihindi. Kipande kimoja kimoja hakina cheti cha kusema kimetoka wapi lakini njia yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa yako ni ya lini hasa. Naangalia miti. Kwenye picha yako bustani imejaa, miti ya saiprasi mirefu imesimama pande mbili za mfereji wa maji na nyuma yake kuna miti mingine mikubwa yenye majani mazito, inaficha sehemu ya chini ya jengo, minara miwili ya mbele inaonekana kama imeota kwenye msitu. Ndivyo bustani ilivyokuwa karne ya 19, hata picha za kamera za John Murray, yule daktari wa Agra aliyepiga Taj miaka ya 1850, zinaonyesha hivyo. Lord Curzon alipokuwa mtawala wa India kuanzia 1899 mpaka 1905 aliifanyia Taj matengenezo makubwa, miti ikapunguzwa, nyasi zikakatwa chini zikawa kama zulia, na hiyo bustani wazi ndiyo tunayoijua leo kwenye kalenda. Picha yenye nyasi tupu na maua madogo ya pembeni mara nyingi ni ya baada ya hapo. Yako siyo. Ila tahadhari kidogo hapa, mafundi walikuwa wanakopi kazi za baba zao, kwa hiyo miti mingi peke yake haitoshi.

Kingine ni mahali mchoraji aliposimama. Za mwanzo kabisa, za miaka ya 1820 na 1830, Taj huwa inaonekana kama ramani ya mhandisi, mstari kwa mstari, kila kitu kimenyooka mbele yako na sakafu inapanda juu kidogo. Yako imekaa chini, mfereji unakuja kwako ukipanuka na kule mbali unabana, ndivyo kamera inavyoona, na kamera zikishaingia Agra miaka ya 1850 na 1860 wachoraji wa pembe wakaanza kufanyia kazi juu ya picha hizo. Kwa hiyo mimi naiweka nusu ya pili ya karne ya 19, pengine inaelekea mwisho mwisho. Jengo lenyewe amelijua, hilo nakupa kama sifa yake: kila mnara una roshani tatu na kijikuba juu, kwenye paa vijikuba vinavyoizunguka kuba kubwa vimekaa mahali pake, msikiti wa mawe mekundu upo kushoto na pacha wake upo kulia, na ile milango mikubwa ya upinde amekumbuka kuiwekea kivuli ndani chenye kina. Fundi wa ovyo anakosea hapo, anakuwekea roshani mbili, anasahau jengo la kulia, minara anaibandika kwenye ukuta wa kaburi wakati kweli inasimama mbali nao kwenye pembe nne za jukwaa.

Haya, plastiki. Aliyekuambia plastiki hakusema kitu cha ajabu maana zipo, tena nyingi. Seluloidi, ile plastiki ya zamani, ilipata hataza Marekani mwaka 1870 na haikuchukua muda wakaanza kuifanya ifanane na pembe, wakaiwekea mpaka mistari. Chukua lenzi ya sonara, ile ya kuweka jichoni, ukiweza azima yenye kukuza mara kumi, kaa dirishani mchana, uilaze bruchi mwanga upite kwa ubavu. Pembe ya kweli ina mistari hafifu sana inayokwenda kama nyuzi za mbao, haifanani mmoja na mwingine, mingine inapotea inarudi. Kwenye seluloidi mistari imelingana kama daftari la shule, upana ule ule mpaka mwisho, na ikizeeka inakuwa manjano ya kunata na mara nyingine inanuka kafuri. Mfupa, maana baada ya pembe kukatazwa mafundi wengi walihamia mfupa wa ngamia, una vitundu vidogo vidogo vyeusi kama vimechomwa na sindano, na ni mweupe mfu hauna ule mng'ao wa ndani. Halafu angalia rangi zenyewe: zikiwa nukta zimepangana kwa safu, saizi moja, zenye rangi zile zile nne, hiyo imechapwa kwa mashine. Nukta za mkono hazipangani hivyo hata fundi awe bingwa.

Kuna kipimo cha kuchoma kwa sindano ya moto, utakisikia kwa watu. Usikifanye. Kama ni pembe umeitoboa bure na kama ni seluloidi inashika moto kwa kasi sana.

Kusafisha: dada yangu hapa nakusihi kabisa, usiifungue na usiguse picha. Nimekwambia pembe hainywi rangi, rangi imekaa juu imeshikiliwa na gundi kidogo tu ambayo hata baada ya miaka mia na hamsini bado inayeyuka kwa maji. Pamba yenye maji inafuta mbingu. Mate yanafuta. Pumzi nzito ya karibu inalainisha. Nimeletewa moja iliyopanguswa kwa kitambaa cha miwani na upande mmoja wa Taj ulikuwa umebaki doa la kijivu, na hakuna fundi duniani wa kuirudisha ile, unaweza kuchora upya lakini ya kwanza imekwenda.

Ule ukungu wa ndani ya kioo unaweza kuwa vitu viwili. Unaweza kuwa kioo chenyewe kinatoa jasho, vioo vingine vya zamani vilichanganywa vibaya na vikikaa kwenye unyevu vinatoa vitone vidogo vya chumvi chumvi kwa ndani, na hivyo vikigusa rangi vinaila. Au ni kuvu, kwa sababu gundi ya mgunga ni chakula kitamu cha kuvu na hewa ya Mombasa unaijua. Ukiona kama vumbi la unga au vinyuzi vya buibui ni kuvu, ukiona vitone vinang'aa ni kioo. Vyote viwili vinataka mtu wa kuhifadhi picha ndogo aifungue fremu, abadilishe au asafishe kioo peke yake, na siyo sonara, sonara anajua fedha lakini atakimbilia kuitumbukiza kwenye dawa ya kung'arishia na hapo tutalia.

Wakati unamtafuta huyo mtu, iweke mahali penye hali moja. Pembe nyembamba inavimba hewa ikiwa na maji na inajikunja ikikauka, na kinachoivunja hasa ni kubadilika badilika, AC unawasha usiku unazima asubuhi, dirisha wazi, kabati karibu na jiko. Ingekuwa bora unyevu ukae kati ya asilimia 45 na 55 lakini pwani hiyo ni shida, kwa hiyo tafuta tu utulivu: boksi la karatasi gumu, ndani kitambaa cha pamba nyeupe kilichofuliwa bila manukato, weka kwenye droo ya chumba cha ndani mbali na ukuta wa nje. Usiitie kwenye mfuko wa nailoni, jasho litabaki humo humo. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu usivijaze ukidhani unafanya wema, vingi kwenye kiboksi kidogo vinaikausha ghafla na utaikuta na ufa toka juu mpaka chini. Jua nalo ulikwepe, rangi za waridi na nyekundu zinakwenda kwanza, ndio maana nyingi za zamani mbingu imebaki kijivu, yako bado ina waridi yake, maana yake bibi aliifungia vizuri miaka yote hii na tunamshukuru.

Mwisho la kuuza, na hapa sitakuficha. Bei ya nyumba haipo. Zilitengenezwa nyingi sana, na hata kazi nzuri kama yako isiyo na saini haifiki huko. Lakini kabla ya bei kuna sheria. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilifungwa na uamuzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa Oktoba 1989, miezi michache tu baada ya Kenya kuchoma tani 12 za pembe mbele ya dunia nzima, na ndovu wa Asia alikuwa ameshafungiwa tangu 1975. Kenya sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali, kuwa na kitu cha pembe bila kibali ni kosa, na haina huruma eti kwa sababu ni cha urithi. India nako walifunga, hata biashara ya ndani ya pembe ya Afrika, mwaka 1991. Uingereza ambako mtu atakushauri upeleke mnadani, sheria yao ya pembe ya 2018 ilianza kufanya kazi Juni 2022, ina msamaha kwa picha ndogo za sura za watu za kabla ya 1918 zisizozidi sentimita za mraba 320, lakini yako siyo sura ya mtu, ni jengo, kwa hiyo mlango huo haukuhusu, mwingine unaoweza kujaribu ni ule wa vitu vya thamani ya kipekee kisanaa au kihistoria vya kabla ya 1918 na huo una kupimwa na kuomba cheti. Kwa hiyo usiitangaze mtandaoni, usimpe ndugu anayesafiri aivae kupita nayo uwanja wa ndege, na usikubali mtu akuambie sema ni mfupa tu. Nenda ofisi ya KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, ukiwa na picha zake na maelezo ya namna ilivyofika kwa bibi, uliza utaratibu wa kibali cha kuimiliki, uwe na karatasi mkononi. Ukiwa na barua yoyote ya zamani au picha ya bibi amevaa hiyo bruchi au ya yule mama kabla hajahama, zitafute, zinasaidia kuonyesha ilikuwepo kabla ya marufuku.

Mimi ningekuwa wewe nisingeuza. Pesa yake ni ndogo kuliko usumbufu wake, na kazi ya mkono wa aina hiyo haifanyiki tena juu ya kitu kile. Ila ni yako, uamuzi ni wako.

Nitumie picha ya mgongo wake na ya ukingo wa fremu, mchana karibu na dirisha bila flashi, na pindua uangalie kwa lenzi karibu na pini kama fedha ina mihuri midogo. Ukiona simba anayetembea ameinua mguu mmoja huo ni mhuri wa fedha ya Uingereza, na pembeni yake huwa kuna herufi moja ambayo ndiyo ya mwaka, maana yake picha ilichorwa India ikapelekwa Uingereza kuvishwa fremu, na tukiisoma herufi hiyo tutaujua mwaka wa fremu. Kama hakuna muhuri wowote na fedha ni ya nyuzi nyuzi zilizosokotwa, basi hata fremu ni ya mafundi wa India.